Maneno Ambayo Mama Hakuyasema

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijaumbuka.

Mimi ni Bok-sil wa mji wa Naju, mama alifariki mwaka jana kwa saratani, na kwa kuwa najifunza uandishi kwenye kituo cha utamaduni nikaamua kuandika maisha yake ili ndugu wasomewe tutakapoandaa meza yake ya kumbukumbu, ile ya vyakula mbele ya picha yake, mwezi ujao, nikaandika alizaliwa wapi, akasoma wapi, akaolewa lini, mwalimu akasoma huku anapiga miayo, akaniambia, "Dada, hii ni taarifa ya mkutano. Hakuna hata kinachouma." Basi nikatafuta kinachouma, nacho nilikijua, baba aliwahi kuuza shamba la mapeasi ambalo mama aliachiwa na wazazi wake, akauza bila kumwuliza, wala hawakulizungumza tena, nikaandika kwamba hospitalini mama alinishika mkono akasema, "Mwambie baba yako lile shamba nilishamsamehe." Mshauri, mama hakusema hivyo! Shamba hakulitaja kabisa, siku zile alihangaika na wali tu maana baba hajui kupika, akawa anampigia simu kutoka kitandani, "Baba Bok-sil, laza mkono juu ya mchele sufuriani, maji yafunike kiganja. Kiganja nimesema, si kiwiko!" na wauguzi wanacheka, lakini hayo ya jikoni niliyaacha, niliona hayana uzito.

Darasa zima lililia. Nikajiona mwandishi, nikaenda kumsomea baba. Yeye tangu msiba alikuwa anakula vijiko viwili anasukuma bakuli, siku hiyo alilia kama mtoto, akauliza, "Kweli alisema hivyo, mwanangu?" Nikaitikia ndiyo. Sasa anakula, anaimba bafuni, na anataka asome kipande hicho mwenyewe mbele ya meza ya mama. Nikisema ukweli namvunja, nikinyamaza namsingizia marehemu. Nifanyeje?

*

Bok-sil mdogo wangu, pole sana. Umefiwa, na mwaka mmoja si kitu.

Lakini nikugombeze kidogo. Ungekuwa unaandika riwaya ningekupigia makofi, maana kwenye riwaya mama ni wako, mtamkishe utakalo. Hapa umetuambia hiki ni kisa cha kweli. Umemwekea mama yako msamaha mdomoni, na hujui kama alikuwa nao. Mwalimu wako alitaka kinachouma, sawa, hakukutuma ukitunge.

Tena umepoteza dhahabu ukaokota bati! Mgonjwa anayekaribia kufa, anagombana kwa simu juu ya maji ya wali ili mumewe asilale njaa, halafu unaniambia hayana uzito? Mimi nimeyasoma nikaweka miwani chini. Msomaji hashikwi na maneno makubwa ya kitandani, anashikwa na mtu anayemwona na kumsikia. Futa ule msamaha, andika simu ile kama ilivyokuwa, na kiwiko chake, na wauguzi wake.

Kisha mwambie baba, wiki hii, mkiwa wawili tu, kabla ndugu hawajakusanyika. Sema, "Baba, yale niliyatunga mimi. Haya ndiyo aliyosema," umsomee. Atakasirika, na ana haki. Pengine atasukuma tena bakuli. Usikimbie, kaa naye mezani hata asipokusemesha.

Na la shamba mwachie mwenyewe. Amekaa nalo miaka yote kwa kuogopa kufungua mdomo, nawe ukamfungulia njia ya mkato. Siku ya kumbukumbu asimame mbele ya picha ya mkewe, aombe radhi kwa sauti yake. Wewe siku hiyo usiandike kitu.