Usukani Ulionyooka

Bujumbura, 14 Mei 2024

Kwa Adil wangu,

Assalaam alaykum. Natumaini u mzima na joto la Maskati halijakukausha kama dagaa. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Goti la baba limepoa, mama anakusalimu, na mama yako alikuja Ijumaa akala sahani mbili za pilau, kwa hiyo shangazi yangu usimhofie. Nakuandikia kwa imeili maana simu yangu inasomwa na nyumba nzima.

Uliniuliza nataka nini kwenye sanduku la harusi. Nitakwambia, lakini kwanza sikia ninayoyaona.

Petroli hakuna. Foleni ya basi la Kamenge inaanza alfajiri, na kwenye foleni hiyo watu si watu tena. Wiki jana bwana mmoja, shati limepigwa pasi vizuri, alisimama nyuma yangu akanipumulia kitunguu chake chote shingoni. Nikisogea, naye anasogea. Nilipogeuka akasema "pardon" huku anacheka. Nilipofika kazini, kwenye famasi ya Kamenge, nilijisugua shingo kwa spiriti ya wagonjwa, na bado nikawa namsikia pale.

Basi nimejitengenezea baiskeli. Usicheke. Shakuru, yule fundi wa Buyenzi aliyekuwa akituzibia matairi tukiwa wadogo, alinipatia fremu nyembamba ya mbio, akaifunga gia moja iliyokazwa. Gurudumu likizunguka na pedali zinazunguka, huwezi kuacha miguu ikapumzika. Ukitaka kupunguza mwendo unazuia kwa miguu hiyo hiyo. Breki ya mbele nimeiacha, sijachoka kuishi. Haina vikorokoro vya kuharibika. Naipenda, Adil, naipenda kweli.

Tatizo ni usukani. Ulitoka kwenye baiskeli ya muuza mukeke, na mipira yake ya kushikia imenyonya maji ya samaki miaka na miaka. Nimeiosha kwa sabuni, kwa limau, kwa majivu, na bado nikimpa mgonjwa dawa anarudisha kichwa nyuma. Tena ni mpana mno, na una ufa karibu na katikati. Hapa mjini Shakuru anapata wa namna hiyo hiyo tu. Kwa hiyo marashi niwekee utakayo, dhahabu niwekee utakayo, lakini ninachokuomba mimi ni usukani: ulionyooka, mfupi, usiozidi mabega yangu.

Mchumba wako,
Nura


Maskati, 23 Mei 2024

Nura, nuru ya macho,

Wa alaykum salaam. Mimi mzima, joto nimelizoea, lililobaki ni joto la kukukosa. Msalimie mjomba na goti lake.

Nimecheka mpaka wenzangu ofisini wakaniuliza. Wanawake wengine wanaomba bangili! Haya, jana nilipita duka la baiskeli kule Ruwi. Wana namna tatu. Kuna huo wako, ulionyooka kama fimbo. Kuna uliopinda chini kama pembe za kondoo dume. Na kuna wa juu, unaokuja nyuma kukupokea mikono, mwanamke anakaa wima, kikapu mbele, kengele ya kuvutia. Nilipouona huo wa tatu nikakuona wewe juu yake.

Kwa nini unataka ule wa kukuinamisha, mpenzi? Barabara imejaa macho. Lakini chagua mwenyewe, mimi mbebaji tu.

Mchumba wako,
Adil


Bujumbura, 26 Mei 2024

Kwa Adil,

Salaam nyingi, na wa nyumbani wote wanakusalimu. Afya njema, ila pua, ambayo bado inanuka mukeke.

Umesema nichague, nimechagua: ulionyooka. Huo wa juu nitakwambia ubaya wake. Kilima cha Kamenge hakipandwi umekaa, na gia hii haikusaidii, lazima usimame uvute. Ukisimama, zile ncha zinazorudi nyuma zinakugonga magoti na kukunasa shati. Halafu malori yamejipanga yakingoja petroli, napita katikati yake. Kwa upana ule nitapita wapi? Juu ya huo utakaa wima, ndiyo, wima mbele ya lori.

Mama naye ana lake. Juzi alisimama mlangoni akapiga kelele mtaa mzima usikie: "We Nura! Vile unainamaka, tako yako inaangalia Kongo yote!" Nikamjibu Kongo huko ng'ambo ya ziwa ina shida zake, haina muda na mimi. Alicheka mpaka akakaa chini.

Macho ya barabarani nayajua. Yalikuwa yakiniangalia kwenye foleni nikiwa nimesimama wima kama mnara wa msikiti, na mikono ikafuata macho. Kwenye baiskeli angalau mikono hainifikii.

Sasa nikuulize kweli. Ukirudi Oktoba tukaoana, unakubali mke wako apande baiskeli kwenda kazini? Kama hukubali, sema hukubali. Nitakasirika, tutagombana kama tulivyogombana tangu utotoni, na tutaona. Lakini usinizungushe. Mukeke uliooza naweza kuuosha. Mtu anayesema ndiyo mdomoni na tumboni ana hapana, huyo ananitia kichefuchefu, na siwezi kulala naye nyumba moja. Nijibu hilo kabla ya lolote.

Mchumba wako,
Nura


Maskati, 30 Juni 2024

Nura wangu,

Salaam, na Idi njema iliyopita. Nisamehe kwa ukimya, kazi zilinibana, na swali lako lilinikalia moyoni. Je, hamjambo? Nimesikia shangazi wa Kigobe aliugua, Mungu amponye.

Jibu langu ni hili: panda mpaka uchoke. Mimi si wale wanaume wa zamani. Na wallahi, Nura, wallahi, nimenunua usukani ule ule ulioutaka, ulionyooka, mweusi, mfupi. Uko hapa chumbani, nimeushika kwa mikono yangu. Sanduku litafika Septemba, ukilifungua utakuta usukani ndani.

Umefurahi? Cheka basi.

Mchumba wako anayekuhesabia siku,
Adil


Bujumbura, 4 Julai 2024

Adil wangu,

Nimecheka. Nimesoma barua yako bafuni, mlango nimefunga, nikacheka kama mwendawazimu. Mungu akupe afya na akurudishe salama.

Ningeweza kukuficha lakini sifichi: nilikuwa nimeanza kukuogopa. Mwezi mzima kimya baada ya swali lile! Nilisema moyoni, huyu anatafuta njia ya kunizunguka. Nisamehe kwa kukudhania. Umeapa, yameisha.

Habari ya usukani mpya imekuja wakati wake. Jumatatu ufa ulifunguka, na Shakuru akaung'oa kabisa akautupa kwenye vyuma. "Dada, hii gidoni imekufa," akaniambia. "Mi siwezi kukuacha upande nayo. Ikikatika mu mteremko, baba yako nitamwambia nini?" Akataka kuzunguka kwa wauza vyuma chakavu anitafutie mwingine. Nikamwambia aache, mchumba wangu ameshanunua.

Kwa hiyo nimerudi kwenye foleni mpaka Septemba. Jana mtoto alitapika maharage kwenye viatu vyangu, na mama yake akapangusa viatu kwa leso, kisha kwa leso ile ile akampangusa mtoto mdomo. Nilikaribia kuongeza matapishi yangu. Leo yule bwana wa kitunguu alikuwepo tena. Navumilia kwa sababu najua kinachokuja.

Mchumba wako, na safari hii nasema kwa moyo mweupe,
Nura


Maskati, 16 Septemba 2024

Mpenzi Nura,

Salaam. Wazima huko? Mbona kimya? Sanduku limefunguliwa Jumamosi, leo Jumatatu, na sijapata hata neno. Mama amenipigia, anasema wanawake walicheka mpaka wakafuta machozi, na vigelegele nilivisikia mwenyewe kwenye simu. Umeuonaje mshangao wangu? Najua kwanza utanuna kidogo, nakujua. Lakini ukikaa ukafikiri utaona nimefikiria mbali kuliko wewe.

Niandikie.

Mchumba wako,
Adil


Bujumbura, 19 Septemba 2024

Adil,

Wa alaykum salaam. Sisi wazima. Wewe pia uwe mzima.

Kwa kuwa hukuwepo, nikusimulie. Sebule ilijaa, wanawake wa pande zote mbili chini kwenye mikeka, sambusa zinazunguka. Mama yako alikaa katikati na sanduku lako. Unajua mila: kila kitu kinainuliwa juu, kinatajwa, watu wanapiga vigelegele. Akainua vitenge, akainua viatu, akainua udi. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na ushungi usoni kama inavyotakiwa, na chini ya ushungi nilikuwa natabasamu kama mjinga. Nilimwambia mama yangu sikioni: "Sasa hivi utaona gidoni yangu."

Shangazi akaitoa. Ule wa juu. Unaorudi nyuma, na kengele yake. Na katikati umefungwa kiti cha mtoto, cha waridi, kina uso wa bata. Chupa ya marashi ilikuwa imevuja juu yake, bata akanuka udi na plastiki.

"Yooo!" mama yako akasema, amekiinua juu ya kichwa. "Muone mwanaume! Mutoto hajazaliwa, kiti yake iko tayari! We Nura, utamubeba mbele, utaenda naye soko polepole, kazi ya Kamenge utamuachia nani? Utaacha!" Wakapiga vigelegele. Usukani wangu ukapita mkono kwa mkono, vidole vina mafuta ya sambusa, kila mmoja anapiga kengele. Mtu akaleta mtoto wa jirani wakamkalisha mle kumpima. Akakojoa. Mkojo ukamiminika kwenye vitenge vipya, na chumba kizima kikasema "Baraka hiyo!"

Niliondoka nikaenda kutapika. Kweli kweli, si kwa maneno. Walisema ni haya ya bi harusi.

Sikutapika kwa sababu ya mkojo. Watoto wanakojoa, nami wangu nilitaka wakojoe. Nilitapika kwa sababu nilikumbuka barua yako. Wallahi mara mbili. Kazi yangu niache, hilo amelijua shangazi, wamelijua wanawake wa mikeka, wamelijua mpaka wa sambusa. Mimi peke yangu ndiye sikuambiwa, mimi niliyekuuliza waziwazi nikakuomba useme hapana kama ni hapana. Nimekaa miezi kwenye foleni ile, nimevumilia pumzi za watu na matapishi ya watu, nikingoja kitu ambacho hukuwa na nia ya kunipa. Ulikuwa unalijua hilo, na ulikuwa unalala.

Umeona kinyaa? Mimi nakiona nikilitazama jina lako.

Niambie ukweli mmoja tu, maana bado natafuta mahali pa kukushikia. Kwa nini uliapa?

Nura


Maskati, 21 Septemba 2024

Nura,

Salaam. Nimeumia kwa maneno yako, lakini nimeyameza, kwa sababu nakupenda. Kwa chuma tu tugombane hivi? Watu watatucheka.

Na hapo umenionea. Mimi sikuapa uongo, Mungu anajua. Rudi usome. Niliapa nimenunua ulionyooka, na nilinunua, risiti ninayo. Niliandika utakuta usukani ndani ya sanduku, na umeukuta. Sikuandika ni huo.

Ule ulionyooka nilikuwa nikuletee, kweli. Halafu mama akanipigia, akaniambia mke ukimwachia barabara mapema humrudishi tena, nikaona ana busara. Basi nikaufunga kwenye baiskeli yangu. Naenda nao pwani jioni na wenzangu. Ni mwepesi, unapita popote, kila mtu ananiuliza nimeupata wapi. Ulijua kuchagua, nakusifu!

Tuache haya. Nitarudi Oktoba, nitakukalisha chini, tutacheka.

Mchumba wako,
Adil


Maskati, 29 Septemba 2024

Nura,

Umesoma barua yangu? Mama anasema sanduku limerudishwa nyumbani kwetu, na mjomba amekuja na wazee wawili. Anasema hata sambusa hawakula. Nimemwambia ni hasira tu. Niambie ni hasira tu.

Adil


Bujumbura, 6 Oktoba 2024

Kwa Adil,

Assalaam alaykum. Natumaini u mzima. Huku wazima, ila mama analia akipika, na shangazi akituona njiani anavuka upande wa pili. Hilo linaniuma, yeye naye alinilea. Mimi pia nimelia, usidhani sikulia. Nilikupenda tangu ukiwa unaniibia maandazi.

Vitu vyote vimerudi, vitenge vimefuliwa. Kiti cha bata kimo, kengele imo. Baba alisoma barua yako ya wallahi na ile ya risiti, moja baada ya nyingine. Aliniomba maji, akanywa, akavaa kofia akatoka kwenda kwenu. Sikumsihi.

Shakuru alizunguka kwa wauza vyuma kama alivyotaka tangu mwanzo, akapata usukani ulionyooka, umekwaruzika, umepinda kidogo kushoto. Jana nimepanda nao Kamenge.

Usije kunikalisha chini. Ukija nyumbani utakaribishwa na utapewa chai, wewe ni mtoto wa shangazi. Baiskeli unayoendea pwani nakutakia heri nayo. Uliponisifu kwamba nilijua kuchagua, ni kweli, usukani nilijua. Mume ndiye nilikuwa nachagua vibaya, na namshukuru Mungu nimejua kabla ya nikahi.

Dada yako,
Nura