Mbio na Wingu la Wawi

Jumatatu, 3 Oktoba 1938
Nimesali, nimeanika karafuu za Zuhura, mtoto wa dada yangu. Majamvi sita. Mjane yule. Mwaka wake mzima umelala pale juani. Yeye anachuma, mimi nageuza. Harufu imenisinzisha. Nimejiona tena niko Unguja ujanani, nakimbia, miguu haigusi chini. Siku ile niliwashinda watu arubaini. Sitini, nikikumbuka vizuri. Shati langu lilibaki nyuma likinifuata.

Jumatano, 5 Oktoba
Jumamosi kuna mbio za watu wazima mjini Chake. Nimewaambia wa barazani mimi ndiye bingwa. Kwamba niliwahi kuikimbia mvua toka Chake mpaka hapa Wawi, mgongo umerowa, kifua kikavu. Salim mshona kofia akasema, "Bingwa wa kula boko-boko!" Wamecheka mpaka kahawa ikamwagika. Imeniuma. Hakuna hata mmoja anayekumbuka.

Ijumaa, 7 Oktoba
Zuhura kaniomba: "Mjomba, kesho usibanduke. Karafuu zikirowa zinaharibika, ni mpeta, hazina mnunuzi." Nimeitika. Nimeapa, hasa. Kisha nimepaka miguu mafuta ya nazi. Naona haya. Si sana.

Jumamosi, 8 Oktoba
Nilikwenda. Kiwanja mara nne. Mzunguko wa mwisho niko mbele. Wallahi mbele, hapa siongezi. Watu wanaulizana, "Nani yule?" Miaka ishirini na sita nalingojea swali hilo.
Nikainua macho. Wingu jeusi, upande wa Wawi.
Kamba ya mwisho ilibaki hatua mia. Nikapinda, nikatoka kiwanjani. Salim akapiga kelele, "Mwisho huku, babu!" Sikugeuka. Maili tatu, miguu peku. Njia ikawa laini kama usingizi, mikarafuu inapita yenyewe, mimi kama nimesimama. Sikukutana na mtu. Nimeliburura ndani jamvi la sita, tone la kwanza likaniangukia utosini.
Zuhura kafika mbio, kanikuta nimelala juu ya karafuu.

Jumapili, 9 Oktoba
Karafuu kavu. Zuhura kajua yote, kagomba, kalia, kanipikia uji. Kisha kapita barazani mwenyewe, kawaambia: "Mjomba wangu jana kaishinda mvua toka Chake."
"Ala! Na wewe Bi Zuhura ushaambukizwa?" Salim huyo. Wamecheka wote.
Mimi nilikuwapo. Nimemaliza kahawa yangu. Sikuongeza neno.
Magoti yanauma. Jua limetoka zuri, nimerudi kugeuza.