Namba za Silvanus na Jina la Bertha

Karatu, 21 Julai 2004

Mdogo wangu Silvanus,

Barua pepe za wageni wa Julai zilipotea tarehe tatu Juni, umeme ulipokatika mpaka betri ya akiba ikaisha. Nimelitanguliza hilo usije ukadhani nimekuandikia kukujulia hali. Hata hivyo wifi na watoto wasalimu. Sisi ni wazima, kambi ipo, vumbi ni lile lile.

Ule mpango ulionitengenezea, unabofya jina la mgeni kwenye orodha barua yake inafunguka, ulifanya kazi vizuri. Umeme uliporudi tukabofya, hakuna kitu. Nilipokupigia simu ulisema, bila hata kuuliza swali, kwamba Bertha wangu wa mapokezi kazifuta. Bertha aliapa hajagusa. Nikamwambia mashine haina sababu ya kumsingizia mtu, nikamfukuza. Akarudi kwao Ganako, na sasa hakuna kambi inayomtaka. Julai ilipoingia, Wafaransa kumi na wawili, walioomba nafasi kwa barua hizo hizo, wakashuka kwenye magari nami sina hema hata moja tupu.

Jumatatu nilimwita Piusi, yule fundi wa kompyuta wa pale karibu na sheli. Aliiacha orodha yako, akatafuta jina la mgeni ndani ya sanduku lenyewe la barua. Ikatokea. Zote zipo, Silvanus. Haikufutwa hata moja.

Akanieleza kwamba programu ya barua huipa kila barua namba mbili. Moja ni ya muda, ukizima mashine inakufa, kama kibali cha siku cha geti la Ngorongoro. Nyingine ni ya kudumu, kama namba ya gari: hata mwakani ukiitafuta, gari ni lile lile. Wewe orodha nzima umeijaza vibali. Kumbe ndiyo maana ulitukataza kuzima kompyuta, nasi tukadhani ni utaalamu.

Kukosea ningekusamehe. Mimi niliyeanza na vitunguu vya Mang'ola nimewahi kununua lori zima limeoza. Lakini Piusi anasema alikuonya mwezi wa tano, hapo hapo kaunta kwangu, ukamjibu, "Wewe tengeneza redio, kaka."

Jumamosi saa sita mchana naondoka kwenda Ganako kumwomba Bertha radhi mbele ya mama yake. Kabla ya saa hiyo nipigie, unijibu neno moja: uliponiambia Bertha kafuta, ulijua au hukujua? Ukinyamaza, nitawaambia ulijua.

Ni mimi, dada uliyemfuata ziwa,
Anneth