Wembe Uliobaki Sandukuni

Mwanangu Hassani,

Ijumaa asubuhi uliponipigia simu nilikuwa nimekaa mkekani chumbani kwako, na wembe wa babu yako uko mapajani mwangu. Ukanisalimu, ukaniuliza hali ya goti, halafu ukasema kama ulivyozoea, "Subiri kidogo mama, napitisha wembe kwenye mkanda wa ngozi ninyoe niwahi kazini. Sikiliza." Nikasikiliza. Chwa, chwa, chwa, ngozi inapigwa huko Dar es Salaam. Nikautazama wembe mapajani. Nikasema, "Nasikia, baba."

Ningekuambia palepale ungetafuta neno la kunituliza, na kwa maneno matamu wewe hujambo, hilo umelirithi kwangu. Ndiyo maana nimechukua karatasi. Karatasi haikatizwi maneno.

Lakini kabla sijasema yangu, nataka ukumbuke. Unaikumbuka ile shingo yako ulipokuwa unamaliza kidato cha nne? Ulikuwa unanyolea zile nyembe za plastiki za dukani, shingo ikaota vipele kama ganda la fenesi. Ukawa unafunga vifungo vya shati mpaka juu, na jua hili la Mtwara, ili wasichana wasione. Baba yako alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, hukuwa na mwanaume wa kukushika mkono nyumbani. Nikakwambia kaa hapo. Nikaenda kukuchumia papai bichi.

Ulicheka. Ukasema, "Mama, nimekwambia shingo inauma, unaniletea papai?"

Nikalipaka papai povu la sabuni, nikakufungulia wembe wa kukunja wa babu yako, nikakwambia nyoa. Papai bichi halina huruma, mwanangu. Ukiligusa vibaya kidogo tu, linatoa maziwa. Babu yako alikuwa akisema, "Likilia, umelikata." Siku ile papai lako lililia mpaka povu likalowa. Nikakuonyesha: wembe unalazwa, hausimamishwi. Ngozi inavutwa na mkono wa kushoto. Unaanza kwa kufuata nywele zinakolala, hushindani nazo. Na wembe ukiwa shingoni mdomo unafungwa, hata kama mtu anakuita mlangoni.

Na mtu alikuja kweli mlangoni. Baba yako mdogo, na kicheko chake. "Shemeji, mwanaume anafundishwa kunyoa ndevu na mwanamke? Mwaka huu tutayaona." Nikamjibu, "Na hizo zako, shemeji, zilizokaa kama shamba la mihogo lililopitiwa na nyani, nani alikufundisha?" Akaondoka bila kuonja chai. Wewe ulicheka mpaka wembe nikakunyang'anya, maana papai lilikuwa linaelekea kufa.

Mimi sikujifunzia barabarani. Babu yako alikuwa kinyozi Mikindani, benchi lake liko kivulini mwa nyumba za mawe, na Mungu hakumpa mtoto wa kiume. Watu wakamwambia atafute mpwa amrithishe kazi. Yeye akanipa mimi papai. Nimeishia darasa la saba, lakini mikono yake ilipoanza kutetemeka, aliyemnyoa yeye ni mimi, na waliokuja benchini wakasema binti ana mkono mwepesi kuliko baba. Sisemi kwa kujisifu. Au najisifu, lakini ni kweli.

Basi ukajua. Haikuwa haraka. Ulikwenda shule na vipande vya karatasi kidevuni, nikakugandisha damu kwa shabu, ukalia kwamba inachoma, nikakwambia ndiyo kazi yake. Kisha asubuhi moja ukatoka uani, uso umeng'aa kama sahani ya arusi, shingo haina kipele hata kimoja. Nilikwenda dukani bila haja ya kununua kitu, ili tu niseme kwamba mwanangu amejinyoa mwenyewe kwa wembe wa babu yake.

Na asubuhi zetu zikawa zile. Ukitoka kuswali Alfajiri mimi nimeshabandika chai. Wewe unasimama pale kwenye mwimo wa mlango wa jikoni nilipogongomea mkanda wa ngozi, unapitisha wembe, kwenda na kurudi. Unalowesha uso kwa maji ya moto kutoka kwenye sufuria yangu, nakugombeza kwamba unaninyima ya chai. Unapaka povu, unanyoa, hatusemeshani. Ukimaliza unaufuta, unaupaka mafuta ya nazi kwa kidole, unaukunja. Hapo ndipo muhogo unaletwa. Ukisahau kuufuta nilikuwa nakwambia maneno ya babu yako: wembe haulali na maji. Hapa kwetu chumvi inatoka baharini inaingia mpaka kwenye misumari ya kitanda. Chuma kisichoshikwa kila siku kinaliwa.

Siku unaondoka kwenda Dar kuanza kazi nilikufungia wembe ule kwenye kipande cha kanga yangu ya bluu, nikapiga fundo langu la kupindua mara mbili, lile ulilokuwa unashindwa kulifungua ukiwa mdogo. Nikauweka juu ya nguo zako. Nikakwambia, "Huyu ndiye babu yako unayemchukua. Mshike kila siku." Ukasema, "Kila siku, mama."

Sikukuomba simu za Ijumaa asubuhi. Wewe mwenyewe ulizianzisha. Mara ya kwanza ulisema, "Mama, sikiliza," ukanipigishia ngozi, nami nikakaa chini kwenye kizingiti nikalia kwa furaha. Fundi viatu wa sokoni akanikatia ngozi mpya, nikaituma kwa basi pamoja na shabu. Ukasema imefika, ni laini, Mungu anizidishie. Nikawa nakwenda kubangua korosho na wenzangu nikiwa na habari yako mdomoni. Bi Somoe, jirani yetu, unajua ulimi wa Kimakua na utani wake, akasema, "Huyo mwanao ana ndevu ngapi za kunyoa kila siku? Au ananyoa na kiti anachokalia?" Nikamwambia, wa kwako anajua kunoa hata kisu? Tukacheka. Nilikuwa nimekaa juu, mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa kigoda changu.

Kisha Mungu akakupa binti, na mkampa jina langu. Zuhura, somo yangu. Ukasema kwenye simu, "Arobaini yake ikifika uje Dar, mama. Nywele za kwanza za mtoto uzinyoe wewe, kwa wembe wa babu. Usijisumbue kubeba kitu, wembe ninao hapa, nimeshaunoa." Chuno nzima, mtaa wetu huu, imesikia safari hiyo. Imesikia kutoka kwangu.

Nikasema siwezi kwenda kwa mjukuu mikono mitupu. Nikaenda chumbani kwako kufungua lile sanduku lako la bati la shule, nimtafutie zile nguo zako za uchanga. Nikatoa sweta, nikatoa madaftari. Chini kabisa, kwenye pembe, nikaona bluu.

Fundo lilikuwa langu. Halijafunguliwa. Hujawahi hata kulijaribu, Hassani. Ulilitoa juu ya nguo asubuhi ile ile ya safari, labda nilipotoka kwenda kukufungia mihogo ya njiani, ukalisukuma chini ya madaftari, ukatoka ukanikumbatia. Nilipolifungua, mafuta yalikuwa yameganda kama gundi, na makali yameota madoa ya kutu kama uso wa mtu aliyepata surua.

Usinielewe vibaya. Kunyoa kwa mashine si dhambi. Ungeniambia, "Mama, kazi za huku watu wanatoka nyumbani giza, sina muda wa ngozi na povu," ningenuna, ningekutukana kidogo, ningekusamehe kabla chai haijachemka. Wembe ulioachwa ningeufuta mwenyewe. Kinachonikata ni ile sauti. Kila Ijumaa ulisimama na simu mkononi ukatafuta kitu, ukakipigisha kwenye ngozi niliyokutumia mimi. Ulikuwa unapigisha nini, mwanangu? Kisu cha mkate? Rula?

Na masikio haya, ya binti wa kinyozi, yaliambiwa ukweli. Wembe ukienda kwenye ngozi una sauti yake, ukigeuzwa ukarudi una nyingine. Ya kwako ilikuwa moja, kwenda na kurudi. Nilisikia tangu siku ya kwanza. Nikasingizia mtandao. Nikasema simu yangu ni ya zamani. Mama akipenda hata masikio yake anayafundisha uongo.

Halafu nikawaza hiyo arobaini, na hapo ndipo nilipoona kiza. Ulitaka kunishikisha wembe gani mbele ya wakwe zako? Ungekwenda dukani ukanunua wowote, ukaniwekea mkononi ukasema huu wa babu, ukidhani sitaujua? Mimi, niliyemnyolea babu yako nao mpaka siku ya mwisho, ningeujua hata nikifumbwa macho. Ningesimama pale, kichwa cha somo yangu mbele yangu, watu wananitazama, nichague kati ya kukuumbua na kukubali kwamba baba yangu ni kipande cha chuma cha dukani.

Jana niliwaambia wenzangu wa korosho. Nilitaka wasikie kutoka kwangu, maana sifa zako walizisikia kwangu. Nilimtazama Bi Somoe nikisubiri utani. Alibangua korosho yake akaiweka bakulini. Akasema, "Wa kwangu hanipigii hata simu ya kunidanganya." Hakuna aliyecheka. Nimelala na neno hilo, limenilainisha kidogo, sikufichi. Lakini ukiombwa maji ukaleta kikombe kitupu, utasifiwa kwa kuleta kikombe?

Sasa nikwambie ninavyofanya. Nimeutoa wembe kutu kwa jiwe, pole pole, nimeurudisha kwenye ngozi pale mlangoni. Kila nikimaliza Alfajiri nabandika chai, naupitisha, kisha nachukua papai bichi nalinyoa uani ili mkono urudi. Majirani wanapita wanatazama mwanamke mtu mzima ananyoa papai. Siku za mwanzo lililia, goti na mkono vimeshazeeka pamoja. Leo limetoka kavu.

Nakuja kwenye arobaini. Nakuja na wembe wangu. Mbele ya wakwe zako sitasema neno, usiogope, sijazaa mtoto ili nimvue nguo barazani. Nitakuomba maji ya moto, utaniletea. Utamshika mtoto kichwa, kwa hilo bado nakuamini. Nitamnyoa nywele zake za kwanza, nitaufuta wembe, nitaupaka mafuta, nitaukunja mbele ya macho yako. Kisha wembe utarudi na mimi Mtwara. Si wako tena. Babu yako alimpa msichana, na mimi nampa msichana. Somo yangu akiweza kubeba papai kwa mikono miwili, mlete.

Wewe nyoa unavyonyoa, baba. Vipele vikirudi shabu unayo.

Na Ijumaa piga simu saa ile ile, usiache kupiga. Ila usinipigishie kitu. Nyamaza, uweke simu sikioni. Nitakuwa mlangoni napitisha wembe, na safari hii wewe ndiye utakayesikiliza. Utasikia sauti mbili.

Mama yako anayekupenda na kukununia,
binti wa kinyozi wa Mikindani