Pacha wa Mashine ya Marobota

Kasoli, Bariadi

Dada Lucy,

Mwangaluka. Mvua imekatika huku, ila pamba imesimama vizuri.

Mashine yetu mpya ya kufunga marobota ya pamba inatumia nusu tu ya plastiki iliyotumiwa na ile ya zamani. Kabla haijaundwa, nilitengeneza pacha wake kwenye kompyuta, yaani mfano unaofanya kazi kama yenyewe, nikamjaribu. Plastiki nyembamba ilichanika, mkono wa chuma ukashuka kabla ya wakati. Nikamwambia bosi.

Akacheka. "Kwenye kompyuta nani kaumia?"

Nikasaini kwamba mashine ni salama.

Jumanne mkono huo wa mashine ulimponda mumeo vidole vyote vya mkono wa kulia. Wodini Paschal aliniuliza, "Shemeji, ulijua?"

Nikasema sikujua. Akanishukuru kwa kumtafutia kazi ile.

Akirudi nyumbani Malampaka akakuuliza, nawe mwambie sikujua.

Mdogo wako,
Novatus