Nafasi Kando ya Uzio

Jumatano, 9 Julai 2025

Leo nimempanda Zabibu. Mimi! Fundi cherehani wa Ipagala, mjane, juu ya farasi. Tangu mume wangu Barto afariki mwezi wa tatu, farasi huyu hajamkubali mtu. Wamejaribu wanaume wa maana, wote wamelala mchangani. Mimi alininusa tu, akatulia. Labda ni koti. Nilivaa koti la Barto, mfukoni bado mna maganda ya karanga.

Bwana Stanley, mwenye farasi, kasema waziwazi. Zabibu akitulia, atabeba watoto kwenye maonyesho ya Nane Nane, naye atabaki hapa. Asipotulia, kuna mnunuzi Arusha. Barto alimlea tangu yuko mdogo, miguu kama fito. Sitaki aende.

Jumamosi, 12 Julai

Mwalimu Jenifa, anayenifundisha kupanda, ni mkali! Kaajiriwa mwezi wa tano, Barto hakumjua. "Dada Lydia, hizo ni hatamu, si kamba ya ndoo ya kisimani!" Visigino chini. Tazama unakokwenda, si masikio ya farasi. Kweli – nikiangalia chini, Zabibu anasimama. Nikiinua uso, anakwenda. Kumbe mwili huwa umeshasema kabla ya mdomo.

Jambo moja. Ule upande mrefu wa kiwanja, hataki kuukaribia uzio. Uzio uko kushoto kwetu, yeye anapita mbali nao. Jenifa kasema ni tabia mbaya, itatoka. Nimeitazama ile nafasi anayoiacha. Upana wa mtu.

Jumanne, 15 Julai

Nimekumbuka nikiwa kwenye cherehani, nikaacha upindo katikati. Uzio ule zamani ulikuwa wa minyaa! Barto alitembea kati ya minyaa na farasi, utomvu wake mkali usije ukamwingia Zabibu machoni. Mashati yake yote yalikuwa na madoa bega la kushoto. Nilifua, nikagombeza, nikafua.

Minyaa ilikatwa baada ya mazishi, yakawekwa mabomba ya chuma. Nimempigia Jenifa nikamweleza. Kacheka kwa upole. "Basi amezoea tu, dada, na atazoea tena."

Ndiyo. Amezoea tu.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya ibada nimepita kumsugua Zabibu. Jua kali, kiwanja kitupu. Nikamfungulia atembee mwenyewe.

Akaenda upande mrefu. Akaacha nafasi ileile, sikio la kushoto limegeukia uzio. Katikati akasimama. Akainamisha kichwa, macho yakalegea, mdomo wa juu ukaanza kutetemeka – vilevile kama Barto alipokuwa akimkuna chini ya taya. Nilisimama langoni na brashi mkononi. Hakuna mtu. Hata upepo haukuwepo. Kisha akainua kichwa kama aliyeambiwa, haya, twende. Wakaenda.

Nimeandika wakaenda. Acha ikae.

Nilisema "Mbukwa." Ndiyo salamu ya Barto kila asubuhi, Kigogo chake. Sijui nilimsalimia nani.

Alhamisi, 24 Julai

Baridi, vumbi. Sasa nakaa vizuri, hata kwenye mchakamchaka sirukiruki tena. Jenifa kanisifu mara moja, kisha: "Leo uzio. Mguu wa kulia, msukume!"

Nikasukuma. Zabibu akasogea nusu hatua, akaanza kutetemeka mwili mzima. Na goti langu la kushoto, lile la upande wa uzio, likapata joto. Kama mtu ameliegemea.

Nikaachia.

"Dada, wewe ndiye unayemfundisha kukataa! Bwana Stanley anakuja Jumamosi. Atampandisha mtoto wa nani juu ya farasi anayejiendea anakotaka?"

Nikashuka. Naogopa kumbana mtu.

Jumamosi, 26 Julai

Asubuhi tumefanya zoezi la mwisho. Kufika upande mrefu sikutumia mguu. Nilisema chinichini, "Barto, tupishe kidogo."

Zabibu akashusha pumzi ndefu. Akasogea mwenyewe hadi buti langu likakwaruza bomba. Jenifa akapiga makofi. "Umeona? Ni mguu tu!" Mguu wangu haukumgusa.

Tukazunguka tena na tena, karibu na uzio, safi kabisa. Masikio yote mbele. Nililisubiri lile la kushoto ligeuke. Halikugeuka. Goti langu baridi.

Sasa Bwana Stanley amekuja. Yuko kwenye simu, kwa hiyo nimekaa kwenye tairi naandika. Jenifa amemwingiza Zabibu kiwanjani, lakini Zabibu amegeuka, amesimama langoni, havutiki. Anatazama njia ya kwenda barabara kuu. Hakuna kitu kule, vumbi tu. Anaita. Si kwa kelele – kwa ile sauti ya chini, ya kifuani, aliyokuwa akimpokea nayo Barto. Sijaisikia tangu msiba.

Nilisema tupishe kidogo. Sikusema ondoka.

Bwana Stanley anatia simu mfukoni. "Haya, mama, tuone hiyo kazi." Jenifa amemrudisha Zabibu nyuma kidogo, ameshika komeo, ananiangalia mimi.

"Nifunge lango, dada?"

Zabibu bado anaita. Lango likifungwa, Barto atabaki nje. Jenifa anauliza tena.