Cherehani ya Marehemu Baba

Mdogo wangu,

Huku wazima, hata paa limeacha kuvuja.

Kaka kafungwa siku kumi na nne kwa kudharau amri ya mahakama. Iliamriwa kitu kisitoke karakana ya marehemu baba mpaka apatikane msimamizi wa mirathi, na ufunguo alikabidhiwa yeye. Watu wa mahakama wakakuta cherehani haipo. Unajua tangu mimi naye tugombee usimamizi hatupikiki chungu kimoja. Hakimu akamuuliza, "Ufunguo ulimpa nani?" Akanitazama, akanyamaza.

Alikuwa ameniazima huo ufunguo nikachukue mkasi wangu tu.

Leo mkewe kanipigia: "Wifi, kakako anauliza, umekumbuka kuitia mafuta?"

Nakuandikia juu ya meza ya cherehani hiyo, hapa kwangu. Mafuta nimetia. Mahakamani kusema ni mimi bado sijaenda.

Dada yako